Mficha Uchi Hazai: Nasaha kwa Mabinti Wanaoshuka Karatu

Binti zangu, nasema na nyinyi mliozaliwa Olbalbal, Endulen, Kakesio na Nainokanoka, ambao leo mnalala Karatu, Mto wa Mbu au Arusha mjini. Nasema pia na wadogo zenu ambao bado wako bomani na wanatamani kuwafuata. Mimi ni bibi yenu, na kazi yangu ilikuwa ukunga. Mambo haya nimezoea kuyasema kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Leo nayasema hadharani, maana la kunong'ona huwafikia wachache na wanaolihitaji ni wengi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeona aibu mbele ya mkunga hujifungua kwa taabu, na wengine hawainuki tena. Neno hilo lichukueni kama lilivyo. Kazi yoyote utakayoifanya mjini, hata ile ambayo watu wanaitukana, usiifiche mbele ya muuguzi. Binti anayeuza mwili hufa kwa magonjwa yenye tiba na kwa mimba zenye msaada, baada ya kuvificha hadi vikakomaa. Yote nitakayosema hapa yanatoka katika neno hilo moja.

Najua mlivyofika huko, wala sitawauliza kwa ukali. Olbalbal imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Kilimo hakiruhusiwi. Mahindi ya uji tunayanunua, na fedha ya kuyanunua hutoka kwenye mbuzi na ng'ombe. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 ulipoangusha mifugo kaskazini mwa nchi, maboma mengi yalibaki na zizi tupu. Mwaka huohuo wa 2022 kaya zikaanza kuhamia Msomera, Handeni, na baadhi ya koo zikagawanyika. Msichana anayepanda gari hadi ukingo wa kreta, akatoka lango la Lodoare na kushuka Karatu, anakutana na barabara ya lami, hoteli za watalii, baa na gesti. Anaanza kwa kuosha vyombo, kuuza shanga, kulea mtoto wa watu au kuhudumia baa. Mshahara haufiki kwa wakati, kodi ya chumba inadaiwa, nyumbani wanapiga simu wanaomba ada ya mdogo wake. Hapo ndipo mteja anapotaja bei ya usiku. Nawafahamu mabinti waliopita njia hiyo, na sitaki hata mmoja wenu aitwe kwa jina la tusi katika maandishi yangu.

Naanza na nyinyi ambao hamjaondoka. Mtu akija bomani akakuahidi kazi ya ndani mjini, mzazi wako ajue jina la mwajiri, mtaa anaokaa na namba ya simu inayopokelewa. Uwe na nauli ya kurudia, uishike mwenyewe. Atakayekunyang'anya simu au kitambulisho, au akakudai "deni la nauli" lisiloisha, huyo amekununua. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu imemtaja. Ukiwa chini ya miaka 18, jua kwamba tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 mtu mzima anayekulipa ili alale nawe hana utetezi wa kusema ulikubali. Kosa ni lake. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kuipiga ni bure.

Sasa nyinyi ambao tayari mko kwenye kazi hiyo. Sitawaambia kwamba ni kazi kama kazi nyingine. Ina hatari nyingi, na kila mwenye njia ya kutoka namsihi atoke. Lakini wako ambao leo hawana njia, na mimi siwezi kuwaambia wasubiri kutoka ndipo walindwe. Mwili unaougua usiku huu unataka ulinzi usiku huu.

Kondomu iwe yako. Usingoje ya mteja. Inazuia mimba na inazuia maambukizi kwa pamoja, na hakuna kingine kinachofanya yote mawili. Mteja atakuongezea fedha ili uiache. Ziada hiyo anaitoa kwa kuwa anajua anachokuachia, au hajui hata yeye. Lakini kondomu hupasuka, mteja mlevi huivua, na mwingine hutumia nguvu. Kwa hiyo weka na kinga ya pili ya mimba ambayo haitegemei hiari ya mwanamume. Sindano hukulinda miezi mitatu. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono hulinda miaka mitatu au mitano kulingana na aina yake. Kitanzi cha shaba hulinda miaka kumi na zaidi. Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya serikali hazitozwi fedha. Ukienda, mwambie mtoa huduma dawa zote unazomeza, kwa sababu baadhi ya dawa za kifua kikuu, na efavirenzi katika dawa za VVU, hupunguza nguvu ya kijiti. Ukimficha dawa unazotumia, utapata mimba ukiwa na kijiti mkononi, kisha utakilaumu kijiti.

Vidonge vya dharura, vile vinavyoitwa P2, ni vya siku mambo yalipoharibika. Vimeze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Vinazuia mimba isitungwe. Mimba iliyokwisha kutungwa haviitoi, na ugonjwa wowote haviuzuii. Binti anayevinunua duka la dawa kila wiki anahitaji njia ya muda mrefu zaidi, aende kliniki akachague.

Acheni pia kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za kuua vijidudu, na kutia vitu vya kujikausha ili kumfurahisha mwanamume. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiondoa ulinzi wake wa asili na kuuchubua, unarahisisha njia ya virusi na bakteria. Maji safi kwa nje yanatosha.

Nije kwenye magonjwa ambayo hayapigi hodi. Kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi hazina dalili. Hasikii maumivu wala haoni usaha, na kwa kuwa haumwi anaamini ni mzima. Wakati huo ugonjwa unapanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Baadaye anaolewa na kutamani mtoto, mtoto hapatikani, na ukoo unasema amerogwa. Au mimba inatunga nje ya kizazi, ndani ya mrija, na mrija unapasuka. Shikeni dalili zake: siku zimepita, tumbo la chini linauma upande mmoja, damu kidogo inatoka, kichwa kinazunguka, pengine na bega linauma. Hapo hakuna dawa ya mitishamba, na kesho ni mbali mno. Damu inamwagikia ndani ya tumbo na msaada ni upasuaji. Ukimwambia daktari mara moja kwamba uliwahi kutibiwa magonjwa ya zinaa, umemfupishia njia ya kukuokoa. Mtoto naye anayezaliwa na mama mwenye kisonono anaweza kuharibika macho katika siku zake za kwanza duniani.

Kaswende ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tiba yake ni rahisi na ya zamani. Kidonda chake cha mwanzo hakiumi, hukauka chenyewe, na mwenye nacho hufurahi kuwa amepona. Watafiti waliofanya kazi Mwanza walichapisha mwaka 2002 matokeo ambayo kila mjamzito angepaswa kusomewa. Kati ya wanawake waliokuwa na kaswende kali na hawakutibiwa, mmoja katika kila wanne alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Waliopimwa wakati wa ujauzito na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini, watoto wao walizaliwa salama sawasawa na watoto wa mama wasio na ugonjwa huo. Sindano moja, binti zangu. Kipimo chake hutolewa kliniki ya wajawazito pamoja na kile cha VVU. Anayeikimbia kliniki kwa kuogopa kuulizwa kazi yake amemnyima mtoto sindano hiyo.

Kuhusu VVU, mkoa jirani umekwisha kutufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na hoteli za Moshi, wakakuta takriban robo yao wanaishi na virusi. Moshi ni mji wa watalii na barabara kuu, na Karatu nayo ni hivyohivyo. Tangu wagonjwa wa kwanza watatu walipotambuliwa Kagera mwaka 1983 tumezika wengi, lakini leo hali ni nyingine kabisa. Kwa asiye na maambukizi ipo dawa kinga ya kumeza kila siku. Kwa aliyebakwa au aliyepasukiwa kondomu, zipo dawa za kuzuia maambukizi zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Kwa anayeishi na virusi, dawa za kufubaza humfikisha mahali ambapo virusi havionekani kwenye kipimo, na akifika hapo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Na kwa mjamzito habari ni njema zaidi. Mama mwenye VVU asipotumia dawa, kati ya watoto 100 huambukizwa 15 hadi 45, kwa kuhesabu mimba, uzazi na unyonyeshaji. Akitumia dawa vizuri, hupungua hadi chini ya watano. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha bila kusubiri augue. Lakini kuna mtego mmoja nataka mwuone. Umepimwa mwezi wa tatu wa mimba, huna virusi, umefurahi, ukaendelea na wateja bila kondomu. Ukiambukizwa ukiwa na mimba au unanyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini katika miezi ile ya kwanza, na mtoto yuko hatarini kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo kondomu iendelee hadi mtoto aachishwe ziwa, na kipimo kirudiwe kabla ya kujifungua na baada yake. Mtu akikuambia mjamzito hawezi kuambukizwa tena, amekudanganya.

Sasa mimba yenyewe. Watu hudhani kwamba kila mimba ya binti anayeuza mwili ni ajali. Si kweli. Mwaka 2015 zilichapishwa tafiti za Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, ambako wanawake wa kazi hiyo walihojiwa kwa kirefu. Wengi walikuwa mama tayari. Wako waliotaka kuzaa, kwa upendo, kwa heshima ya kuitwa mama, na kwa ajili ya wapenzi wao wa kudumu. Kliniki walikwenda, lakini kazi yao waliificha. Wengine walipata taabu kwa sababu kliniki zilitaka mwanamke aje na mwenza wake, na wao hawakuwa na wa kuja naye. Jambo hilo nataka mlielewe vizuri. Mwenza anahimizwa aje ili naye apimwe, na kuhimizwa ni tofauti na kulazimishwa. Hakuna mjamzito anayepaswa kurudishwa nyumbani kwa kukosa mwanamume wa kuketi naye kwenye benchi. Ukirudishwa, muone mganga mfawidhi, au mwombe mhudumu wa afya wa jamii akusindikize. Usikodi bodaboda ajifanye mume. Majibu yake yataandikwa kama ya baba wa mtoto, na wewe utatibiwa kwa taarifa za uongo.

Anza kliniki kabla ya wiki ya 12. Mwongozo wa sasa unataka mahudhurio manane. Utapimwa damu, mkojo na shinikizo, utapewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, dawa ya kukukinga na malaria. Mwambie muuguzi kwa maneno machache: "Nina wateja wengi, naomba nipimwe magonjwa yote na vipimo virudiwe." Anachokisikia ni siri yako na ya kadi yako. Ukiona aibu kulisema mbele ya foleni, omba kuongea naye peke yake.

Halafu pombe. Naijua kazi ya baa. Mhudumu hupendwa na mwenye baa kwa idadi ya chupa anazouza, na mteja humnunulia ili anywe naye. Pombe anayokunywa mama hufika kwa mtoto kupitia damu, na inaweza kumharibia ubongo na kumdumaza kabla hajazaliwa. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Tena aliyelewa haoni kondomu imevuliwa, wala hakumbuki ni nani alimpiga. Mweleze mwenzako wa kaunta akujazie soda kwenye glasi.

Kuna mambo mawili ya kwetu Wamaasai ambayo huambatana na binti hadi mjini. La kwanza ni kupunguza kula mimba inapokua, ili mtoto awe mdogo na atoke kwa urahisi. Mama zetu walifanya hivyo kwa nia njema, mbali na hospitali. Lakini mama aliyepungukiwa na damu na nguvu hawezi kuhimili uchungu wala kumwagika damu baada ya uzazi, na mtoto aliyezaliwa njiti hupigania pumzi. Kula. Kunywa maziwa, kula maharage, mboga za majani, nyama ikipatikana. La pili ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 41 ya wanawake wa Mkoa wa Arusha wamekeketwa. Kovu lile halitanuki vizuri, huchanika wakati wa kuzaa na huchubuka wakati wa tendo, na mchubuko ni mlango wa maambukizi. Mwambie mkunga mapema ili apange namna ya kukuzalisha salama. Huna kosa wewe, ulifanyiwa ukiwa mtoto. Na ukijaliwa binti, kisu kiishie kwako.

Dalili za hatari ni hizi: damu kutoka wakati wowote wa mimba, kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Ukiona mojawapo, usimalize zamu ya usiku. Piga 115, namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa bure kwa wajawazito na watoto wachanga. Karatu kuna hospitali, na Wasso pia. Baada ya kujifungua, mwili unahitaji wiki sita kurudi mahali pake. Mlango wa kizazi bado uko wazi, damu bado inatoka. Mteja atakayekutaka siku hizo anakutakia ugonjwa. Nakusihi urudi nyumbani kwa mama yako kwa muda huo, hata kama mliachana kwa maneno makali.

Nalijua na jambo ambalo mnaogopa nilitaje. Mimba imeingia, hujui ni ya nani, na rafiki anakuambia kuna mtu anayetoa. Sheria yetu ya kanuni ya adhabu hairuhusu kutoa mimba ila kwa kuokoa maisha ya mama. Mwanamke anaweza kufungwa hadi miaka saba, na anayemtoa hadi 14. Pamoja na hayo, watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walikadiria kwamba mwaka 2013 zilitolewa mimba zipatazo 405,000 nchini, nyingi kwa siri. Wanawake huingiziwa vijiti na vyuma, hunyweshwa majivu na dawa za kufulia, humeza vidonge bila kujua kipimo. Nakuomba usifike huko. Kuna watu wa kukusikiliza kabla hujaamua, na kuna walioogopa kama wewe na leo wanacheka na watoto wao. Lakini ikiwa limekwisha kutokea, au mimba imetoka yenyewe, na sasa unatokwa damu nyingi, una homa, tumbo linauma au unanuka, nenda hospitali sasa hivi. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa katika hospitali na vituo vya afya vya nchi hii, na kazi ya mhudumu ni kuokoa uhai. Mwambie ulichotumia na lini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi waliokufa kwa namna hii walikuwa na saa kadhaa za kuokolewa, wakazitumia kuhofia kuulizwa.

Ukilazimishwa na mteja, au hata na askari, umebakwa. Kulipwa jana si ruhusa ya leo. Usioge, nenda hospitali upate dawa za kuzuia VVU na mimba, fomu ya polisi ya PF3 itafuata. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi kwa kazi hiyo.

Tena msisahau mlango wa kizazi. Saratani yake ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na huletwa na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa ngono. Tangu mwaka 2018 wasichana wetu wanachanjwa, na mwaka 2024 dozi ikawa moja, kwa wenye umri wa miaka tisa hadi 14. Wadogo zenu bomani wapate. Nyinyi mliokwisha kupita umri huo ombeni uchunguzi, na anayeishi na VVU awahi zaidi. Mabadiliko yakigundulika mapema huondolewa kabla hayajawa saratani.

Yote haya ni mazito kwa mtu mmoja, kwa hiyo shikaneni. Hapo Iringa palepale ulifanyika mradi ulioitwa Shikamana. Wanawake walipata mahali pao pa kukutania, wakafunzana wenyewe kwa wenyewe, wauguzi na polisi wakafundishwa kuwapokea bila dharau, na dawa zikafuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema kwamba baada ya miezi 18, kati ya wasiokuwa na VVU, asilimia tano waliambukizwa katika jamii yenye mradi, na asilimia 10.4 katika jamii isiyo nao. Maambukizi yalipungua kwa zaidi kidogo ya nusu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwaondoa wanawake mafichoni. Nanyi Karatu anzeni kwa kidogo. Ambianeni unakwenda na nani na gesti gani. Kumbushaneni siku ya kliniki. Wekeni akiba ya kikundi, ndogo tu, ili mwenzenu akiwa na mimba ya miezi minane asilazimike kusimama barabarani usiku, na ili mmoja akipata mtaji wa mgahawa au cherehani atoke na kuwavuta wengine.

Sopai, vijana wa kiume. Madereva wa watalii, walinzi, wachuuzi wa ng'ombe mnaolala mnadani, nyinyi ndio wateja. Kaswende anayokufa nayo mtoto wa Olbalbal mara nyingi imesafiri ndani ya mwanamume kutoka gesti hadi kitandani kwa mke ambaye hajawahi kuiona Karatu. Pimeni. Vaeni kondomu bila kubembelezwa. Mkiacha mimba, ileeni.

Na kwenu wazee wenzangu. Ng'ombe mwenye mimba akianza kusuasua malishoni, baba mwenye boma hulala macho, humwita mtaalamu wa mifugo, wala haulizi kwanza ni dume wa nani. Binti yake akirudi na mimba, swali la kwanza ni la nani, na la pili hakuna, anafukuzwa. Tukimfukuza, tumemrudisha barabarani akiwa na tumbo. Wenzetu wauguzi nao nawakumbusha kiapo chetu: anayeingia mlangoni ni mama, na tusi moja la mhudumu hufukuza wengi ambao hatutawaona tena ila mochwari.

Serikali yetu imefanya mengi. Tafiti za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015–16 hadi 104 mwaka 2022. Lakini wanaojificha bado wako hatarini.

Kwa hiyo, binti yangu, wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Pimwa VVU na kaswende, chagua njia ya uzazi wa mpango, chukua kondomu. Kama siku zako zimepita, omba kipimo cha mimba hapohapo. Sema kazi yako bila kuinamisha kichwa, na mpeleke mwenzako mmoja. Muuguzi akikukaripia, nenda kituo kingine, usirudi kujificha.